Steshenari ina kompyuta mbili za RAM GB 2, nataka kupiga Linux nyepesi: IceWM, Openbox au i3?

dada_steshenari (Uyole, Mbeya)

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu hapa. Nina steshenari ndogo Uyole, kazi ni zile zile za kila steshenari, kuchapa, kuprinti, kuskani vyeti, kujazia watu maombi ya vyuo na mkopo wa HESLB, na msimu wa ripoti za fildi wanafunzi ndio wananiweka mjini. Kompyuta ninazo mbili za mezani, mtumba, Core 2 Duo zote, RAM GB 2 kila moja na diski zile za kuzunguka sio SSD. Zina Windows 10 na zinatesa jamani, unawasha asubuhi unaenda kufagia na kupanga karatasi unarudi taa ya diski bado inawaka, mteja anachomeka fleshi unaanza kumwambia subiri kidogo, subiri kidogo, mwisho anachomoa anavuka barabara anaenda kwa jirani. Na hiyo Windows 10 yenyewe Microsoft walishafunga huduma ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 inataka RAM GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0 kwa hiyo mashine zangu hata mlangoni haziingii.

Kijana mmoja wa chuo anayekujaga kuprinti kwangu kaniambia nipige Linux ila nisichukue zenye desktopu nzito, niweke windo meneja tupu basi. Akataja IceWM, Openbox na i3 halafu akaondoka zake ana kipindi. Sasa nauliza, ipi inafaa sehemu kama yangu ambapo anayekaa kwenye kompyuta sio mimi peke yangu, kuna binti ananisaidia na kuna wateja wanaotaka kukaa wenyewe? Kweli itakuwa nyepesi au ni maneno ya vijana? Na printa, fleshi, Word za watu zitafunguka? Bando langu sio la kuchezea kwa hiyo anayenielekeza anielekeze kitu cha uhakika.

fundi_kihesa (Iringa)

Kamwene dada. Chukua IceWM, na nakupa sababu ili ukiambiwa kingine usiyumbe.

Windo meneja ni ile programu inayochora fremu za madirisha, inayasogeza, inayakuza, inayafunga, basi, kazi yake imeishia hapo. Desktopu nzima kama GNOME inakuja na windo meneja wake pamoja na paneli, kisoma faili, sehemu ya waifai, sauti, mipangilio na vingine vingi vinavyokaa kwenye RAM hata kama huvigusi. Ukichukua windo meneja peke yake umeupata wepesi lakini vile vingine vyote unavileta wewe kimoja kimoja, na hapo ndipo wengi wanakwama wanaanza kusema Linux mbovu, fleshi haionekani, waifai haipo, kumbe hakuna aliyeviweka.

i3 ni nzuri sana kwa mtu anayeandika kodi za programu kutwa nzima, madirisha yanajipanga yenyewe kama vigae na kila kitu unaendesha kwa kibodi, lakini mteja wako akikaa pale haoni kitufe cha kufunga wala cha kushusha dirisha, hajui aanzie wapi. Openbox ukiiwasha mara ya kwanza unakuta skrini tupu, menyu inatokea ukibofya kulia, taskbaa haina, unatafuta tint2 unaiweka pembeni. IceWM inakuja na taskbaa yake chini, menyu kona ya kushoto, saa kulia, na dirisha lina vitufe vyake vya kushusha, kukuza na kufunga pale pale mtu alipozoea. Imeanza mwaka 1997, imeandikwa kwa C++, na mpaka leo watu wanaiendeleza. Ndani yake kuna temu (muonekano) inaitwa win95, ukiiweka hiyo mzee wa miaka sitini anakaa anaandika barua yake bila kukuita. Mfumo mzima ukiwa umewaka na IceWM bila programu nyingine unakula sehemu ndogo tu ya RAM yako, mwenyewe utaona ukiandika free -h kwenye terminali (dirisha la kuandika amri).

Namna ya kuweka. Shusha Debian, hiyo ni aina mojawapo ya Linux, ile ya netinst (inayoshusha vingine kwa intaneti) ya 64 biti, haifiki GB 1, Core 2 Duo inaichukua bila shida. Iandike kwenye fleshi kwa Rufus au balenaEtcher, butia hapo. Mambo mawili usiyapite haraka wakati wa kupiga. Ikikuuliza paswedi ya root (akaunti ya msimamizi) iache wazi kabisa, ukiiacha wazi akaunti yako inapewa sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri za msimamizi, ukiijaza sudo huna mpaka uanze kujiongeza kwa mkono. La pili, mwishoni inaleta orodha ya desktopu, toa alama zote, bakiza ile ya vifaa vya kawaida vya mfumo tu. Ikimaliza itawaka kwenye skrini nyeusi ya maandishi, hiyo ni sawa, ingia kwa jina lako uandike:

sudo apt install xorg icewm lightdm pcmanfm gvfs-backends lxpolkit network-manager firefox-esr

Kabla ya kuanza kushusha inakuonyesha ukubwa wa mzigo na inasubiri ukubali, hapo ndipo unaangalia na bando lako. LibreOffice, ile ya kufungua Word za watu, iache kwanza, utaishusha kwa bando la usiku. Ukiwasha upya lightdm itakupa sehemu ya kuingilia, chagua IceWM Session, usichague ile ya IceWM tupu kwa sababu ile ya Session ndiyo inayosoma faili la startup.

Hilo faili la startup ndio roho ya kila kitu. Tengeneza folda .icewm kwenye folda yako ya nyumbani (home), ndani yake faili linaitwa startup, andika hivi:

#!/bin/sh
lxpolkit &
pcmanfm --desktop &

Hiyo alama ya & mwisho wa mstari usiisahau, bila hiyo mstari wa pili unasubiri wa kwanza umalize na wa kwanza haumalizi. Halafu lipe ruhusa ya kukimbia: chmod +x ~/.icewm/startup. Bila ruhusa hiyo IceWM inaliruka kimya kimya na wewe unabaki unajiuliza. pcmanfm --desktop ndiyo inayokupa ikoni juu ya desktopu na inayoshika fleshi zikichomekwa, picha ya ukutani pia unaiweka kupitia hiyo hiyo.

mwananjombe

Namuunga mkono fundi kwa IceWM kwenye kompyuta za wateja. Openbox naitumia mwenyewe kwa kazi zangu na siiachi, faili lake la rc.xml linakuruhusu kubadili kila kitufe cha kibodi na kila tabia ya dirisha, na ndiyo iliyokuwa ikibeba desktopu ya LXDE miaka yote, kwa hiyo ubora wake hauna mjadala. Ila ni kitu cha mtu mmoja anayekaa na mashine yake akaijua, sio mashine inayokaliwa na watu ishirini kwa siku.

Lakini dada nikwambie jambo ambalo kijana wa chuo hakukwambia, windo meneja haiwezi kuifanya brausa iwe nyepesi. Utaona mashine inawaka haraka, menyu inafunguka hapo hapo, Writer ya LibreOffice inafunguka, utafurahi, halafu mteja anafungua barua pepe, anafungua tovuti ya mkopo, na tabu nyingine ya WhatsApp ya kompyuta, zile GB 2 zimekwisha na unarudi kule kule kwenye taa ya diski. Brausa ndiyo inayokula, sio fremu za madirisha. Wepesi wa IceWM unakusaidia kwa sababu ile RAM iliyokuwa inaliwa na Windows sasa brausa inaipata, ila bado kuna ukuta.

Kwa hiyo fanya vitu viwili. Kwanza weka zram, hii inatenga sehemu ya RAM na kubana humo data ambazo hazitumiki kwa wakati huo badala ya kuzitupa kwenye diski inayozunguka:

sudo apt install zram-tools

kisha fungua /etc/default/zramswap, toa # kwenye mstari wa PERCENT uandike 50, halafu sudo systemctl restart zramswap. Haigharimu shilingi na tofauti unaiona kwenye mashine ya GB 2 haraka sana. Pili, hela ikipatikana, nunua SSD ndogo kabla ya kitu chochote, hata ya GB 120 inakutosha, mashine hizo zina SATA itakaa tu. RAM nayo ongeza ukiweza ila fungua boksi uangalie kwanza kama ni DDR2 au DDR3, usinunue kwa kukisia maana hazibadilishani nafasi. Firefox nayo ukiandika about:processes sehemu ya anwani inakuonyesha tabu ipi inakula kiasi gani, mfundishe binti wako afunge ile ya juu.

mwalimu_tukuyu

Salaam wote. Fundi na ndugu wa Njombe wamesema vizuri upande wa mfumo, mimi niongelee kazi yenyewe ya steshenari kwa sababu mashine inaweza kuwa nyepesi na mteja bado akalalamika.

Dada kitu kitakachokuletea ugomvi na wanafunzi ni fonti. Ripoti ya fildi imeandikwa kwa Times New Roman au Calibri kwenye Word, wewe unaifungua kwa LibreOffice kwenye Debian mpya ambayo fonti hizo haina, inaweka nyingine yenye upana tofauti, mistari inahama, jedwali lililokuwa ukurasa wa 14 linaangukia wa 15, yaliyomo hayalingani tena na kurasa, na mwanafunzi ana saa moja ya kukabidhi. Weka fonts-liberation, herufi zake zina upana sawasawa na wa Times New Roman na Arial, na fonts-crosextra-carlito ambayo upana wake ni wa Calibri, fonts-crosextra-caladea ni ya Cambria. Zote ni ndogo na zipo kwenye hazina ya Debian. Ukitaka Times New Roman yenyewe halisi kuna ttf-mscorefonts-installer, hiyo inakutaka uruhusu sehemu ya contrib kwanza. Na hata hivyo wazoeshe wateja walete PDF, PDF haihami.

Kadi za michango na za harusi zilizotengenezwa kwa Publisher, LibreOffice Draw inazifungua faili za .pub lakini haiwezi kusevu tena kama .pub, na mpangilio mara nyingine unavurugika. Kama kadi ni sehemu kubwa ya kipato chako basi mashine moja iachie Windows kwanza, piga Linux kwenye moja, ufanye nayo kazi mpaka uizoee.

Printa ndiyo ijaribu kabla hujafuta chochote. HP nyingi zinashikwa na hplip, Epson za matangi zile za L nyingi zinashikwa na printer-driver-escpr, ila kuna printa za leza za zamani ambazo draiva yake ya Linux ni ya kuhangaikia. Njia salama shusha antiX, hiyo ni ndugu ya Debian na IceWM imo humo tayari, iwashe kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, chomeka printa na skana, ona zinafanyaje. Zikikubali ndio urudi kwenye maelekezo ya fundi.

Na kuna faida moja nataka uijue. Zile fleshi zenye kirusi cha shotikati, mtu anakuja analia faili zake zimepotea zimebaki shotikati tupu, Linux haijali ile alama ya kuficha ya Windows kwa hiyo faili unaziona zote pale pale, unazihamisha, unamrudishia. Wanafunzi wengi watakuja kwako kwa hilo tu.

dada_steshenari (Uyole, Mbeya)

Ndaga fijo wote, sikutegemea majibu ya kina namna hii. Nimejaribu antiX kwenye fleshi kama mwalimu alivyosema, printa imekubali na skana imekubali, basi nikamwita yule kijana tukapiga Debian na IceWM kwenye mashine ya nyuma, ya mbele bado ina Windows kwa ajili ya kadi. Jamani inawaka haraka, hata binti kashangaa.

Ila mambo mawili yanagoma. Waifai, tuliipigia Debian kwa kile kidude cha USB cha waifai na wakati wa kupiga ilikuwa inashika vizuri, sasa nikifungua nmtui (ile ya NetworkManager ya kuchagua mtandao) ili niunge hotspoti ya simu haionyeshi mtandao wowote ingawa intaneti ya nyumbani inashika yenyewe. Na fleshi nikichomeka haitokei, mpaka kijana aandike amri zake kwenye terminali ndio inafunguka. Kijana alipunguza ile orodha ya fundi ili kuokoa bando, sijui kama ndio sababu.

fundi_kihesa (Iringa)

Hongera dada. Yote mawili yanajulikana.

Waifai, ukipiga Debian bila desktopu kwa kutumia waifai, inaandika ule mtandao wa nyumbani ndani ya faili la /etc/network/interfaces, na NetworkManager ikikuta kifaa kimeandikwa humo inakiacha, haikigusi, ndio maana ule wa nyumbani unashika na mwingine wowote huoni. Fungua:

sudo nano /etc/network/interfaces

utaona mistari ya jina linaloanza na wl, kila mstari unaohusu hilo jina weka # mbele yake pamoja na ile yenye jina la mtandao na paswedi. Mistari ya lo usiiguse kabisa. Sevu, washa upya mashine, ingia nmtui, sasa utaona mitandao yote, chagua wa nyumbani kwanza ujaze paswedi yake upya, halafu hotspoti.

Fleshi ni kweli, kijana kaondoa gvfs-backends na lxpolkit. pcmanfm yenyewe ni ya kuonyesha faili tu, anayemwambia kuwa kuna fleshi imechomekwa ni gvfs, na lxpolkit ndiye anayeleta kile kidirisha cha kuomba ruhusa panapohitajika. Andika:

sudo apt install gvfs-backends lxpolkit

ni mzigo mdogo. Toka uingie upya. Halafu ndani ya pcmanfm kwenye mapendeleo yake kuna sehemu ya vifaa vya kuchomeka, hakikisha ameruhusiwa kuvifungua vyenyewe. Na wafundishe wateja wabonyeze alama ya kutoa fleshi kabla ya kuchomoa, Linux inaweza kukuonyesha imemaliza kukopi huku nyingine bado iko njiani, mtu akichomoa kwa nguvu anaondoka na faili nusu.

Kwa kuwa umeshafika hapo, tengeneza na vitufe vya chini. Ndani ya ~/.icewm weka faili linaitwa toolbar, mistari yake inakwenda jina, ikoni, amri:

prog "Andika" libreoffice-writer libreoffice --writer
prog "Intaneti" firefox-esr firefox-esr
prog "Faili" system-file-manager pcmanfm

Majina unaandika Kiswahili unavyotaka, mteja akipitisha mausi anasoma. Na kwenye faili la prefoverride humo humo weka TaskBarShowNetStatus=1, utapata kagrafu kwenye taskbaa kanakoonyesha data inavyopita, mteja akianza kutazama video kwa bando lako unaona kabla halijaisha. prefoverride naisisitiza badala ya preferences kwa sababu temu ikibadilishwa haiwezi kufuta ulichoandika humo.

mwalimu_tukuyu

Niongeze moja la umeme. Mashine za mezani bila UPS na umeme wetu huu, ingia LibreOffice kwenye chaguo zake, sehemu ya kupakia na kusevu, utakuta inahifadhi nakala ya kujiokoa kila dakika 10, iweke 2. Umeme ukikatika binti ameandika kurasa nne anarudi anazikuta karibu zote.

dada_steshenari (Uyole, Mbeya)

Waifai imekubali, fleshi inafunguka yenyewe, kagrafu nimekaona. Swali la mwisho wakuu, printa iko kwenye hii ya Linux, ile ya mbele ya Windows inaweza kuprinti kupitia hii bila kuhamisha waya?

mwananjombe

Inaweza. Kwenye ya Linux andika sudo cupsctl --share-printers, halafu fungua system-config-printer hakikisha printa yenyewe imewekewa alama ya kushirikishwa. Andika ip a uone namba ya mashine hiyo kwenye mtandao wa ndani. Kwenye Windows ongeza printa, chagua kuiweka kwa anwani, uandike http:// halafu namba ile, halafu :631/printers/ na jina la printa kama lilivyo kwenye Linux, herufi kubwa na ndogo zifanane. Mashine zote ziwe kwenye ruta moja, na ile ya Linux kwenye ruta ipangie namba isiyobadilika, la sivyo ruta ikizima na kuwaka namba inaweza kubadilika na Windows itakuambia printa haipo.